Kanda ya Mama Yako Haiko Nairobi

Awuor,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Tangu asubuhi nakusikia chumbani ukirusha viatu ndani ya begi kama unagombana nalo, na ukipita hapa sebuleni unanipita kama vile mimi ni kiti. Leo siku ya nne. Sawa. Mimi pia nimenuna, na kwa kununa nimekutangulia miaka mingi, hunishindi.

Sikuandikii kukutakia safari njema. Mambo ya kushika begi vizuri stendi, sijui kuvaa sweta, sijui kutompa mtu simu yako dirishani, hayo atakuambia shangazi yako, maana yeye anapenda kusema. Na nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Dholuo ningeanza kukubembeleza, na kwa Kiingereza ningejifanya mtu wa maana. Leo sitaki kukubembeleza na mimi si mtu wa maana.

Jumapili ulisimama mlangoni mwa studio, mkono kiunoni, ukaniambia: "Baba, nimepata kazi Nairobi. Ni kwa studio ya Njoroge. Na hiyo tape ya mathe nitaitoa kwake, atake asitake. Akikataa naenda polisi."

Nilikuita msaliti. Nilisema ukienda kwa huyo mtu usirudi hapa, na nikasema mengine ambayo mama wa omena pale nje aliacha kupima dagaa wake ili ayasikie vizuri. Wewe hukupiga kelele. Uliniangalia tu, ukauliza, "Baba, wewe unaogopa nini?" Halafu ukaenda kuanika nguo.

Swali hilo limekuwa kama mwiba wa samaki ngege kooni, halishuki na halitoki. Nitakujibu, lakini kwanza utanisikiliza, kwa sababu kuna mambo ya hii kazi unayoikimbilia ambayo hakuna shule iliyokufundisha, na mimi ndiye niliyeyalipia kwa ujinga wangu.

Unajua nilivyoanza. Chumba kimoja mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, trei za mayai ukutani, magodoro mawili ya kuzuia kelele za jirani zisiingie na zetu zisitoke. Nilikuwa mimi na gitaa, na Njoroge kwenye dramu, mtoto wa mzee mmoja Mkikuyu aliyetoka Murang'a akaja kufungua duka la misumari na mabati hapa mjini. Njoroge alizaliwa Kisumu, alikula kuon, yaani ugali, na samaki kama sisi, na Dholuo yake ilikuwa safi kuliko yako. Mpiga besi alikuwa anabadilika kila msimu. Tulitaka kupiga rok katika mji ambao Ijumaa unataka ohangla, Jumamosi unataka benga matangani na Jumapili unataka kwaya. Pasta mmoja alisema tunaita mashetani. Mzee mmoja katika baa alikuja hadi mbele, akanisikiliza kwa makini sana, akaniuliza, "Kijana, hiyo gitaa yako ni mgonjwa?"

Nikawachukia wote. Nakuambia ukweli, Awuor, chuki ndiyo iliyoniweka katika kazi hii miaka yote, wala si mapenzi ya muziki kama ninavyowadanganya vijana wanaokuja kunihoji. Niliwachukia matajiri wa Milimani waliotaka tupige polepole wakati wa chakula. Niliwachukia wanasiasa waliokuja studio kurekodi nyimbo za kampeni wakaniita "maestro", na baada ya uchaguzi hawajui jina langu. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuturekodi, ikaomba tupunguze gitaa na tuongeze kiitikio cha kanisa. Niliwafukuza. Nilikuwa msanii huru. Neno hilo nilitembea nalo kama fimbo, na yeyote aliyesogea karibu nilimchapa nalo.

Lakini kitu nilichochukia kupita vyote ni pakruok. Wewe umekulia mjini, umeiona matangani na harusini, sijui kama umewahi kuifikiria. Wimbo unaenda vizuri, umefika penyewe, mara mtu anainua mkono. Mpiga gitaa anashusha sauti. Mtu huyo anashika maikrofoni, anajisifu, anasifu kwao, anasifu shemeji yake na ng'ombe wa babu yake, watu wanacheka, wanashangilia, halafu ndipo wimbo unaruhusiwa kuendelea. Mimi nilisema kwangu hapana. Wimbo wangu hausimami kwa ajili ya shemeji ya mtu. Niliandika kabisa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa studio: HAKUNA PAKRUOK.

Mama yako alikuwa anapita chini ya maandishi hayo kila siku akiniletea chai, na kila siku anacheka.

Sasa tufike kwa "Gugu". Huo ndio wimbo pekee unaofanya watu wanisalimie barabarani, vijana wa boda wananiita Mzee Gugu, na solo yake ya gitaa katikati, ile inayoanza chini na kupanda kama mtu anayelia kwa hasira, ndiyo sababu mpaka leo kuna mtu anayelipa kiingilio kuniona. Wewe uliijifunza solo hiyo ukiwa darasa la saba, peke yako, bila kuniambia. Ukaipiga kwenye tamasha la shule. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Ulipofika pale inapopanda niliinuka nikatoka nje. Ulipokuja kuniuliza, macho yamejaa machozi, nilikuambia vidole vyako ni vizito.

Vidole vyako havikuwa vizito. Uliipiga vizuri kuliko mimi.

Umekua ukijua habari moja kuhusu wimbo huo, kwa sababu dani yako wa Bondo, mama ya mama yako, alikuambia ukiwa mdogo: kwamba siku tunarekodi "Gugu", mama yako aliingia studio akasema maneno ndani ya wimbo, na ulikuwa mgongoni mwake. Ukaja kuniuliza maneno hayo yako wapi. Nikakuambia kanda yenye sauti ya mama yako ilichukuliwa na Njoroge wakati anakimbia kutoka Kisumu. Ukaniuliza kwa nini aliichukua. Nikasema, kuna watu wako hivyo tu.

Kumbuka ulikuwa na miaka tisa. Nilikukalisha mapajani nikakuambia kuna watu wako hivyo tu.

Njoroge hakuchukua kanda yoyote.

Siku tunarekodi, mashine yetu ilikuwa ile ndogo ya kaseti yenye njia nne za kurekodia. Dramu njia moja, besi moja, gitaa moja, sauti ya mwimbaji moja. Hakuna ya tano. Wewe sasa unafanya kazi na kompyuta yenye njia mia, huwezi kuelewa umaskini huo, ukitaka kuweka kitu kipya lazima kitu kingine kife. Tulifika katikati ya wimbo, mahali nilipoacha gitaa lishuke kidogo kabla halijapanda tena. Mlango ukafunguliwa. Mama yako, mikono imelowa maji ya kufulia, wewe mgongoni umefungwa kwa leso, akainua mkono kama wafanyavyo matangani. Nilidhani ni mzaha. Njoroge alielewa haraka kuliko mimi, akashusha ngoma ikawa ndogo, ndogo, akamsogezea maikrofoni kwa mguu.

"An nyar Sakwa!" mama yako akasema. Mimi ni binti wa Sakwa. Akasema yeye ni mama Awuor, na kwao Bondo samaki wanagonga mlango kabla ya kuingia. Akasema, "Njoroge huyu ana mikono miwili tu lakini anafanya kazi ya watu wanne, na bado anamaliza kuon yangu yote." Mpiga besi akaanza kucheka. Halafu mama yako akanigeukia mimi. "Na huyu Ochola, gitaa yake inalia kama mbuzi amefungwa kwa mvua. Lakini mimi ndio nimeolewa na hiyo mbuzi."

Walicheka wote. Njoroge alicheka hadi kijiti kikamponyoka, na kwenye kanda kulikuwa na sauti ya kijiti hicho kikigonga sakafu.

Mimi nilisikia mbuzi tu. Nilisimama pale na gitaa langu, masikio yakiwaka moto, katika studio yangu, chini ya maandishi yangu, nikiwa nimefanywa kichekesho ndani ya wimbo wangu mwenyewe.

Kesho yake nilikuja mapema nikamkuta Njoroge yuko pale tayari. Nikamwambia nataka kuweka solo ya gitaa kwenye njia ya sauti, katikati, pale. Alielewa. Akasema, "Boss, usifute hiyo kitu. Hiyo ndio wimbo yenyewe. Mimi ningekuwa wewe ningetoa gitaa yote niwache huyo mama."

Nikamwambia, "Hii ni rok, si matanga."

"Ochola. Ni bibi yako."

"Ni studio yangu."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilipiga kwa hasira, mara moja tu, bila kurudia. Ndiyo solo unayoijua. Watu wananiuliza niliitoa wapi na mimi ninatazama mbali kama mtu mwenye siri ya sanaa. Pale gitaa linapoanza kupanda ndipo mama yako alipokuwa anasema "nyar Sakwa". Nililiweka gitaa langu juu ya sauti yake, na chini yake hakuna kitu tena, usiende na kompyuta zako kutafuta. Kanda ilikuwa moja. Haikuwa na nakala.

Mama yako alipousikia wimbo umekamilika alikusanya vikombe vya chai. Kisha akasema, "Imekuwa nzuri." Akaenda jikoni. Hakuwahi kuinua mkono tena.

Hilo peke yake lingekuwa ujinga wa kijana mwenye kiburi, na ningeweza kukusimulia tukacheka. Sikiliza lililofuata.

Ulipokuwa na miaka minne zikaja vurugu za uchaguzi. Duka la baba yake Njoroge lilichomwa likabaki mabati. Nilimficha Njoroge katika studio siku mbili, kati ya yale magodoro, mama yako akimpelekea uji. Siku ya tatu tulimtoa asubuhi hadi kituo cha polisi, yeye na begi moja, nguo ndani, basi. Niliona begi hilo. Mimi ndiye niliyelifunga zipu.

Wiki tano baadaye mama yako akashikwa na homa. Hospitali siku nne, ya tano hakuamka.

Watu wa Bondo walikuja kwa mazishi nyumbani kwetu Asembo. Dani yako alifika, hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. Alinijia moja kwa moja, mbele ya wazee, mbele ya ndugu zangu wote. "Ochola, nyathina, huyu mtoto wangu, aliniambia amejisifu ndani ya wimbo yako. Lete hiyo sauti tuskie kabla hatujamfunika." Vyombo vya muziki vilikuwa pale vimewashwa. Watu wakaningoja.

Awuor, ningeweza kusema nimefuta. Ni neno moja tu. Lakini ungewaona wale watu wakiniangalia, na yule mama aliyeniuliza akiwa ametoa leso tayari, kwa sababu alijua akisikia ile sauti atalia na alitaka kulia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Mama, Njoroge alienda nayo."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Ukikumbuka jambo moja tu katika barua hii, kumbuka hilo. Mwezi ule, hapa kwetu, ukisema Mkikuyu ameiba, watu wanatikisa kichwa tu. Mzee mmoja akasema, "Si tunawajua." Dani yako akakunja leso yake. Nilitafuta uongo, nikaupata pale umetayarishwa na wengine, moto tayari, nikauokota. Nilikuwa nimemfungia zipu ya begi kwa mikono yangu, na kwa mdomo wangu nikamfanya mwizi wa wafu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi na minane na bado ilikuwa inaendelea vizuri tu, mpaka ulipopata kazi.

Njoroge aliambiwa, bila shaka. Mji huu haunyamazi. Alinipigia simu mwaka uleule kunipa pole ya mama yako. Nilingoja anitukane. Akasema, "Nimesikia vile ulisema. Sikia, Ochola, nimepoteza duka ya mzee, kanda nayo ni nini? Wacha ikae hivyo mpaka mtoto akue." Nikamchukia kwa hilo zaidi ya vile ningemchukia kama angenitukana. Tangu siku hiyo sikupokea simu yake. Nimekaa hapa nikimponda kwa kila mtu, studio yake kubwa, nyimbo zake za matangazo ya sabuni, nikisema ameuza roho, na wewe ukinisikiliza na kukua na chuki niliyokulisha kwa kijiko.

Jana saa nne asubuhi simu ililia, namba siijui, nikapokea. Ni yeye. "Ochola, mtoto anaanza kazi Jumatatu. Ataniuliza hiyo maneno. Nimwambie aje?" Akangoja, halafu akasema, polepole kabisa, "Naeza mwambia ilichomeka na duka. Haina shida. Mimi nishazoea."

Nilikata simu bila kumjibu.

Uliniuliza naogopa nini. Ndiyo hilo. Sikuogopa kwamba Njoroge atakuambia ukweli. Niliogopa kwamba atakudanganya kwa ajili yangu, kwa upole, na wewe utamwamini nusu, na utafanya kazi katika nyumba yake huku ukimtazama mikono. Na nitakuwa nimemfanya mwizi mara ya pili, na safari hii mwizi mbele ya mtoto wa yule mama aliyempelekea uji. Hata mimi, na ubaya wangu wote, hapo nimeshindwa.

Kuhusu kazi yenyewe sina mengi. Utakutana na wengi watakaokuambia uwe huru. Mimi nilikuwa huru. Niliketi mbele ya mashine, hakuna kampuni, hakuna bosi, na kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuniambia usifute, na nilipomsikia nilimwonyesha kwamba studio ni yangu. Miaka iliyofuata nilirekodi kwaya, nikarekodi matangazo ya mazishi, nikarekodi vijana hodari ambao niliwakosoa mpaka wakaacha muziki, na hakuna tena aliyethubutu kuniambia usifute. Nyimbo zangu za baadaye ni mbovu, Awuor. Unajua ni mbovu. Umekuwa ukinificha hilo usoni.

Sikuombi msamaha. Nikikuomba leo utanipa haraka kwa sababu basi ni la kesho asubuhi, na msamaha wa haraka hauna maana. Niite unavyotaka. Nimekuandikia mchana huu ili nikupe kabla ya chakula cha jioni, usije ukaisoma njiani ukashindwa kuja kunifokea. Nitakuwa nje. Mama wa omena akisikia, asikie. Kesho pia nitampigia dani yako, na hilo naliogopa kuliko wewe.

Na kuna jambo la mwisho.

Maneno ya mama yako niliyokuandikia hapo juu ndiyo yote niliyo nayo. Sijaongeza hata moja. Lakini baada ya ile ya mbuzi hakunyamaza. Aliendelea kusema, labda nusu dakika, na alikuwa amegeuza shingo nyuma, anakutazama wewe mgongoni. Aliyasema kwako. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuungua, niliona midomo inakwenda tu. Na kesho yake nilifuta bila kusikiliza.

Njoroge ndiye aliyekuwa amevaa hedfoni. Na asubuhi ile niliyomkuta studio amenitangulia, alikuwa ameirudisha kanda nyuma na anasikiliza sehemu hiyo, sijui kwa mara ya ngapi, akitabasamu peke yake. Sikuwahi kumuuliza alisikia nini. Kumuuliza kungekuwa kukiri.

Kwa hiyo nenda. Usiende polisi, na ukifika mlangoni kwake msalimie kwa heshima, umwite baba, anastahili kuliko wengi. Kaa chini umuulize mama yako alikuambia nini.

Ukishajua, amua mwenyewe kama mimi ni mtu wa kuambiwa.

Baba yako,
Ochola